Ile ya Kilo

Ukuta unaotenganisha darasa langu na darasa la Mwalimu Imakulata Tluway haukufika kwenye bati. Mimi nafundisha Kiswahili, na fizikia yote ninayoijua imenifikia kwa kupitia pale juu. Nikiwa katikati ya ngeli za nomino, upande wa pili sauti inapasuka: "Masi si uzito! Nani kasema masi ni uzito? Simama!" Wanafunzi wangu wanacheka, nami nangoja amalize, maana kushindana na Imakulata kwa sauti ni kujitafutia aibu.

Neno lenyewe ni la Kiingereza, kama fizikia yote ya sekondari. Kwa ndimi zetu za huku limekuwa masi, na hakuna anayelalamika. Masi, alivyokuwa akiwaeleza, ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na hupimwa kwa kilo. Uzito ni jinsi dunia inavyokivuta kitu hicho. Lipeleke debe la mahindi mwezini, uzito utapungua, masi itabaki vilevile. Debe hilo nimelisikia likipelekwa mwezini kila mwaka, na kila mwaka nusu ya darasa wanaliacha njiani.

Shule yetu ni ya kata, upande wa Gehandu. Tuna maabara yenye meza za zege na mabomba mazuri ambayo hayajawahi kutoa maji. Imakulata aliletwa hapa akitokea Yaeda Chini, ambako alifundisha masomo yote ya sayansi peke yake, na mvua zikinyesha hata chaki ilikuwa haifiki. Kwao ni juu, Mbulu, nyumba ya wakulima wa maharage na ng'ombe wawili wa maziwa. Mama yake alitaka awe mtawa. Yeye alitaka kuwa mhandisi wa umeme, kwa sababu nguzo za umeme zilipita katikati ya shamba lao zikaenda kuwasha kwa watu wengine, na jambo hilo lilimuudhi tangu utotoni. Alama zake zilipungua kidogo, akapelekwa ualimu. Akajiambia basi, kama si yeye, atakuwa msichana mwingine atakayepitia mikononi mwake.

Huyo msichana mwingine hakuja. Mmoja alipata mimba kidato cha tatu. Mwingine alirudishwa nyumbani kuchunga baada ya kaka yake kwenda Mererani kuchimba madini. Mwingine alifaulu kabisa, akaacha fizikia akachagua historia, kwa sababu shangazi yake alimwambia sayansi humfanya mwanamke awe mkali, na mfano aliomtolea ni Imakulata. Tulicheka sana ofisini siku ile. Imakulata naye alicheka, halafu akatoka nje na hakurudi kumalizia chai yake.

Ndipo akaja Jenifa Gwandu.

Jenifa ni Mbarbaig, binti wa mfugaji. Alianza shule amechelewa kwa sababu ya ndama wa baba yake, kwa hiyo darasani alikuwa mkubwa kuliko wenzake na alikaa nyuma, kimya. Siku debe lilipofika mwezini, darasa zima limekodoa macho, nikasikia sauti nisiyoizoea juu ya ukuta.

"Madam, ng'ombe akikonda kwa ukame, amepungua nini? Masi au uzito?"

"Wewe unaonaje?"

"Naona vyote viwili. Ila akienda mwezini amenona, atapungua kimoja tu."

Wavulana wakaangua kicheko kwa ajili ya huyo ng'ombe. Imakulata hakucheka. Alikuja ofisini saa ya mapumziko akasimama mbele yangu na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. "Umemsikia?" akaniuliza. "Mwalimu, umemsikia yule mtoto?" Toka siku ile akaambukizwa matumaini, na mtu wa umri wake akipata ugonjwa huo huwa haponi haraka. Alimpa Jenifa vitabu vyake vya chuo. Alimpa ufunguo wa maabara. Wavulana wakikosea, alikuwa anamwita Jenifa awasahihishe, na Jenifa aliwasahihisha taratibu, bila kujivuna, kama mtu anayemrudisha ndama zizini.

Mambo yalibadilika kidato cha nne, baada ya likizo ya katikati ya mwaka. Imakulata aliuliza swali la msongamano wa vitu, yaani masi ikigawanywa kwa ujazo, Jenifa akasimama kujibu, na nikasikia neno "tungamo" likipita juu ya ukuta. Nilifurahi kama mtu aliyesalimiwa na ndugu. Tungamo ndiyo masi kwa Kiswahili sanifu, iko kwenye vitabu vya shule ya msingi, na tangu nianze kazi sijawahi kumsikia mwanafunzi wa sekondari akiitumia.

"Hapa hakuna tungamo!" Imakulata akang'aka. "Mtihani unakuja kwa Kiingereza. Sema vizuri."

Jenifa akasema, "Ile ya kilo, Madam."

"Ile ya kilo ndiyo ipi?"

Nikasikia kiti kikivutwa, amekaa. Wiki zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Kwenye daftari aliandika neno lile bila kosa lolote. Akiambiwa alitamke anasema ile ya kilo, au ile ya kwanza, au anatazama sakafu. Imakulata alikuwa haelewi. Akanijia siku moja ameshika tama. "Ameanza kuogopa," akasema. "Yule yule aliyeniuliza habari za ng'ombe. Sasa neno dogo namna ile linamshinda."

Jibu akalipata kwenye semina, na semina zile nikizikumbuka damu inanichemka. Kulikuwa na mradi wa kuhamasisha wasichana wasome sayansi. Walikuja Katesh na gari jeupe, bango la kitambaa na fulana za waridi, wakawafundisha walimu kwamba msichana akinyamaza darasani, tatizo ni kutojiamini. Dawa yake ni kumjengea ujasiri: asimame wima, amtazame mtu machoni, apaze sauti. Imakulata aliandika yote hayo. Kuanzia hapo kila jioni ya Jumatano nikawa nasikia, maabara ikiwa tupu, mwalimu na mwanafunzi wake: "Masi! Sema kwa nguvu! Masi!" Na Jenifa hasikiki. Ningeweza kuapa kwamba yule mtoto alikuwa anaumwa koo.

Mradi ule uliahidi kitu kimoja cha maana. Baada ya mtihani wa Novemba wangefanya mahojiano, na kutoka kila shule wangemchukua msichana mmoja, wamsomeshe kidato cha tano na cha sita katika shule ya bweni ya sayansi huko mbali. Hawangengoja matokeo. Imakulata akapanda pikipiki mpaka kwa mzee Gwandu kumwomba ruhusa.

Watu wanapenda kumfanya baba wa namna ile kuwa jini. Mzee Gwandu hakuwa jini. Imakulata alimwamkia, akaitikiwa, akapewa kigoda na maziwa, na akasikilizwa mpaka mwisho.

"Mwalimu," mzee akasema, "kuna watu wamekuja kwangu kuposa, na nimewapokea. Binti amefika miaka kumi na tisa. Lakini hao wa gari jeupe wakimchukua, nitazungumza na wenzangu, nitawarudishia posa yao kwa heshima. Wasipomchukua, sitamweka nyumbani anasubiri karatasi. Nimemaliza."

Imakulata aliona huo ni ushindi. Hakuuliza ni kina nani waliokuja kuposa. Kwake yeye mchumba ni mchumba tu, jina lake ni la nini?

Mahojiano yalifanyika Katesh, mwanzoni mwa Desemba. Imakulata alimnunulia Jenifa viatu, akamfikisha mapema, na nje ya ukumbi akamvuta pembeni kiongozi wa mahojiano, mama mmoja aitwaye Scolastica, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni.

"Dada, wangu anaogopa kuongea mbele za watu," akamnong'oneza. "Nakuomba, mwanzie na masi na uzito. Hilo analijua kuliko wote, hata kuliko mimi. Akishachangamka hapo, muulizeni mnachotaka."

Scolastica akasema hakuna tabu, hata wao wanapenda wasichana waanze na kitu walichokizoea.

Walimu waliruhusiwa kukaa nyuma. Kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza. Jenifa alisimama wima kama alivyofundishwa, akaulizwa tofauti ya vitu hivyo viwili. Na alijibu! Imakulata anasema hajawahi kusikia jibu zuri namna ile. Alieleza uzito, akaeleza mvuto wa dunia, akaeleza kwamba ile nyingine haibadiliki hata ukienda mwezini.

"Ile nyingine ipi?" Scolastica akauliza.

"Ile ya kilo."

"Ndiyo, inaitwaje?"

Jenifa akatazama viatu vyake vipya. Kijana mmoja wa mradi akagonga kalamu mezani.

"Tungamo," Jenifa akasema.

Yule kijana akacheka, si kwa ubaya, akasema hilo ni la shule ya msingi, hapa tuko kwenye sayansi. Sikuwepo, na ni heri, maana ningemjibu. Lugha nzima ya nchi hii ina neno la kitu hicho, limewekwa vitabuni, mtoto analitaja kwa usahihi, na mtu mwenye fulana ya kumhamasisha anamcheka.

"Itaje tu kwa Kiingereza, tuendelee," Scolastica akasema kwa upole. "Neno moja tu."

Jenifa akageuka kumtafuta mwalimu wake. Imakulata, nyuma kabisa, akawa anachezesha midomo bila kutoa sauti: masi, masi, masi. Jenifa akageuza uso haraka, kama mtu aliyemkuta mkubwa akioga. Wakamshukuru, wakamwita mwingine wa shule yetu.

Njiani Imakulata hakujizuia. Ana hasira yule mama, simfichi. Alimwambia Jenifa kwamba amemtia aibu, kwamba amejitupa mwenyewe, kwamba wapo wasichana wangekata mkono wapate nafasi ile. Jenifa alikaa katikati, kati yake na dereva wa pikipiki, mpaka walipofika kwao. Mama yake alikuwa nje anafua.

"Mama Jenifa," Imakulata akasema kabla hata ya salamu, na hilo peke yake linaonyesha alivyokuwa, "binti yako ameshindwa kutamka neno moja! Masi! Mtoto wa kidato cha kwanza analisema!"

Mama akaacha nguo kwenye beseni. Akatazama huku na huku.

"Polepole, Mwalimu. Usimpigie mtoto kelele na hilo neno."

"Kwa nini?"

"Mzee aliyekuja kuposa, baba yake kijana, anaitwa Gidamasi." Alilisema kwa sauti ya chini, ingawa yeye hakukatazwa. "Kwetu mke hamtaji baba mkwe. Wala neno linalofanana na jina lake. Ukilitaja umemtukana mzee. Wanawake tuna maneno mengine ya kuzungukia. Siku wazee walipokunywa ile pombe ya asali hapa, bibi yake alimwambia: kuanzia leo kizoeze kinywa chako, usilitaje. Hulijui hili, Mwalimu? Umekaa na sisi miaka yote hii."

Hakulijua. Sisi Wairaqw, mimi na yeye, nasi tunawaheshimu wakwe, ila hatufiki kwenye kuchuja maneno. Na neno la Kiingereza, la fizikia! Nani angefikiria kwamba pombe ya asali iliyonywewa Gehandu mwezi wa sita ingeingia mpaka kwenye kanuni ya msongamano?

Imakulata aliketi chini pale pale kwenye majani. Alipomtazama Jenifa akaona amevua viatu, amevishika mkononi, anafuta vumbi kwa kanga ya mama yake.

Nimeligeuza jambo hili kichwani mara nyingi na sipati pa kulishika. Angelitamka, wangemchukua. Wangemchukua, posa ingerudishwa. Posa ikirudishwa, Gidamasi ni mzee kama wazee wengine na jina lake halina mwiko kwake. Lakini alipokuwa amesimama pale mbele alikuwa bado mkwe, na neno lilikuwa bado ni tusi. Mlango ulikuwa wazi na asingeweza kuupita bila kumkanyaga mtu aliyelala kizingitini.

Siku ileile Imakulata alimpigia simu Scolastica akamweleza. Scolastica akamsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, Mwalimu. Nafasi ya shule yenu nimeshampa yule mwenzake. Halafu nikwambie ukweli dada yangu, sayansi inahitaji msichana jasiri."

Jasiri! Imakulata aliponisimulia nilitaka nimpigie mimi. Yule mtoto aliacha maisha aliyoyataka yampite usoni, macho makavu, kuliko kumkosea adabu mzee wa watu. Kama huo si ujasiri basi sijui ni nini. Lakini mradi ule haukuwa na fulana ya ujasiri wa namna hiyo.

Mwenzake aliyechukuliwa alirudi kabla ya mwaka kwisha. Alikuwa na sauti nzuri na fizikia ilimshinda.

Jenifa aliolewa Januari, kabla ya matokeo. Mzee Gwandu alikuwa amesema, na alikuwa mtu wa kauli yake. Matokeo yalipotoka Imakulata aliyafungua kwenye simu, ofisini, sote tumemzunguka. Fizikia, Jenifa alipata A, ya kwanza kwa msichana katika shule yetu. Kwenye karatasi neno huandikwa tu, halimtukani mtu. Baadaye serikali nayo ikatoa majina ya kidato cha tano, na jina lake lilikuwemo: Fizikia, Kemia na Hisabati, shule ya wasichana, bweni.

Imakulata alikwenda mpaka kwa Gidamasi na simu yake mkononi. Nilimsindikiza. Tulimkuta mzee mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Alitazama kioo cha simu kwa muda, ingawa hakujua kusoma, na tulipomweleza habari yote ya neno lile alivua kofia.

"Mbona hamkuja siku ile?" akasema. "Ningekwenda mwenyewe, nikamwambia mwanangu, litaje. Mimi nimezeeka, jina langu limeitwa na polisi, limeitwa na daktari, lisingeharibika kwa mara moja."

"Na sasa, mzee?" Imakulata akauliza. "Shule inafunguliwa mwezi ujao."

"Sasa ana mimba, Mwalimu. Na mume wake amepeleka ng'ombe mbali, mwenye kukama ni yeye." Akavaa kofia yake. "Sasa mnaniambia ili iweje?"

Tukaaga. Jenifa hatukumwona. Tuliambiwa amekwenda kuteka maji, na sijui kama ilikuwa kweli.

Tangu hapo darasani kwangu kuna utulivu. Ngeli zangu zinaenda vizuri. Imakulata anafundisha, anamaliza silabasi, anasahihisha madaftari kwa wakati, na hapigi kelele. Ufunguo wa maabara ameurudisha kwa mkuu wa shule. Watu wa mradi walipokuja tena na fulana zao, alikaa ofisini akasema anaumwa kichwa. Wapo wasichana wawili kidato cha pili wanaouliza maswali mazuri, nawasikia juu ya ukuta. Yeye anawajibu, anaendelea na mada. Nilimwambia siku moja asikate tamaa, bado ana miaka mingi kazini. Akanitazama kama mtu aliyetajiwa adhabu.

Mwezi uliopita alikwenda mnadani Katesh kununua maharage. Upande wa wanawake wanaouza samli akasikia, "Shikamoo, Madam." Alikuwa Jenifa, mwenye sketi ya ngozi ya wake za watu, na mtoto mgongoni. Walisalimiana vizuri. Imakulata alimshika mtoto, akamsifia. Halafu swali likamtoka.

"Jenifa, kwa nini hukuniambia? Jumatano zote zile, mimi na wewe peke yetu."

"Ningekuambiaje, Madam, bila kulitaja?"

Alilijibu bila lawama, akampimia mteja mmoja samli, akafunga chupa. Kisha akaendelea mwenyewe, kama mtu aliyekuwa akiliwaza jambo hilo akikama na akiteka maji.

"Siku ile nilikuwa nasubiri waniulize kitu kingine. Umeme, mwanga, joto, chochote, nilikuwa nimejiandaa kote. Fizikia yote ilivyo kubwa, Madam, sijui kwa nini walichagua lile."

Imakulata alinisimulia haya tukiwa ofisini, akipanga madaftari ya kidato cha kwanza, hakuinua macho.

"Ukamwambiaje?" nikamuuliza.

"Nikamwambia hata mimi sijui."